Kipindi ni dakika 80, mwanafunzi anacheza ngapi?

Ndugu washauri, salaam.

Mimi ni mwalimu wa Biolojia katika shule ya sekondari ya kutwa hapa Moshi. Mwaka huu nimebebeshwa na michezo, kwa sababu aliyekuwa akiisimamia amehamishwa na mimi ndiye niliyeonekana nina vipindi vichache. Michezo sikuisomea.

Kidato cha pili nina wanafunzi 62: wavulana 29, wasichana 33. Tunatoka Jumatano, vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80, kuanzia saa 6:40 mchana. Nina mpira mmoja wa miguu, mmoja wa netiboli na filimbi. Uwanja ni kama meta 60 kwa 40, una mawe na umeinama upande mmoja. Wa netiboli uko pembeni. Wavulana 22 wanaingia kwenye mpira, wasichana 14 kwenye netiboli, na 26 wanaobaki wanakaa chini ya mgrivea wakipiga soga. Kila wiki ni wale wale.

Kuna msichana mmoja ambaye tangu Januari hajacheza hata mara moja. Kila Jumatano ni tumbo. Wenzangu wananiambia nimrushe kichura, tumbo litapona. Kuna pia mvulana aliyeanguka akazimia mwezi uliopita. Alimwagiwa maji, akaamka, na wiki iliyofuata alikuwa uwanjani. Mpaka leo sijui kama nilifanya sawa kumruhusu.

Halafu yupo mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na ratiba. Upimaji wa kidato cha pili ukikaribia anachukua vipindi vyangu kwa ajili ya Hisabati, na mimi sina la kumjibu. Nifanyeje na watoto 62 na mipira miwili? Na yule binti nimlazimishe?

Mwalimu wa Kubebeshwa, Moshi

MAJIBU

Mwalimu, tuanze na huyo aliyeanguka, maana mengine yote yanaweza kusubiri Jumatano.

Muulize yeye, na uwaulize waliokuwa karibu naye: alianguka akiwa bado anakimbia, au alipokwisha kusimama? Mtu akikimbia kwa nguvu kisha akasimama ghafla, damu nyingi hubaki miguuni, kichwani inapungua, anaona giza na kwenda chini. Huyo unamlaza, unamwinua miguu, baada ya dakika chache anakuwa sawa. Siku nyingine atembee polepole baada ya mbio, anywe maji, na asiingie uwanjani akiwa hajatia kitu tumboni tangu jana usiku. Lakini aliyedondoka katikati ya mbio, au aliyehisi kifua kubana au moyo kwenda ovyo kabla ya kuanguka, au ambaye kwao kuna ndugu aliyefariki ghafla akiwa kijana, asiguse mpira mpaka moyo wake upimwe. Yapo magonjwa ya moyo ya kurithi, na upo moyo ulioharibiwa na homa ya baridi yabisi, ambayo chanzo chake ni maumivu ya koo ya utotoni. Mtoto anaweza kuwa na mojawapo na asionekane mgonjwa hata siku moja. Wazazi waanzie kituo cha afya, waeleze kwamba alianguka akiwa anakimbia, kwa maneno hayo hayo, na waombe rufaa. Hospitali ya KCMC mnayo hapo hapo mjini.

Kumwagia maji si tiba, ingawa shule nyingi hufanya hivyo.

Sasa tuje chini ya mgrivea. Jumatano ijayo, kabla hujabadilisha chochote, chagua mwanafunzi mmoja bila kumwambia. Washa saa ya kupimia muda kwenye simu yako kila anapotembea au kukimbia, izime kila anaposimama au kukaa. Fanya hivyo kwa dakika 20, kisha mhamie mwingine: mmoja wa kwenye mpira, mmoja wa netiboli, mmoja wa soga. Usishangae ukikuta golikipa wako amecheza kidogo kuliko anavyodhani, na kwamba hata wale 22 husimama sana. Mpira mmoja kwa watu 22 maana yake ni kwamba wengi wanautazama tu. Hizo dakika za mwanafunzi mmoja mmoja ndizo za kushughulikia. Walimu wa michezo katika nchi nyingi hujiwekea lengo la angalau nusu ya kipindi kila mtoto awe anatembeza mwili. Kwako hiyo ni dakika 40.

Shirika la Afya Duniani linataka kijana wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli inayomfanya ahemee, na angalau siku tatu kwa wiki iwepo kazi ya nguvu na ya kuimarisha misuli na mifupa. Takwimu zake za mwaka 2016 zilionyesha kwamba duniani vijana 81 kati ya 100 wa miaka 11 hadi 17 hawafiki hapo. Wasichana walikuwa 85, wavulana 78. Kwa hiyo darasa lako si la ajabu. Wala Jumatano moja haitamaliza kazi. Lakini kabla ya kumwita mtu mvivu, mpe kila mmoja nusu karatasi aandike jana alitembea wapi na alibeba nini. Binti anayetoka Kibosho kwa miguu, jioni akakata majani ya ng'ombe na kuyapandisha mlimani kichwani, saa yake moja ameshaimaliza na ziada juu. Wa kushughulika naye ni yule anayeletwa na bodaboda asubuhi, akakaa kwenye dawati mpaka jioni, akahamia dawati la twisheni.

Dakika 80 zigawe hivi: 8 za kubadilisha nguo na kufika, 10 za mchakamchaka na kunyoosha viungo, 30 za vituo, 24 za michezo midogo, 8 za kupoa na kunawa. Zile nane za kwanza ndizo zitakazokutesa. Wasichana wavae traki au bukta ndefu chini ya sketi tangu asubuhi siku hiyo, wanaovaa hijabu waifunge kwa ndani ya fulana isipeperuke, na usiite majina. Wahesabu kwa makundi: kila mmoja ana namba yake kuanzia 1 hadi 6, makundi manne ya watu 10 na mawili ya watu 11, na kiranja wa kundi anakuletea idadi. Usiruhusu manahodha wachague watu. Mtoto aliyechaguliwa wa mwisho wiki tatu mfululizo, wiki ya nne ataumwa tumbo.

Mchakamchaka usiudharau kwa kuwa ni wa zamani. Wimbo wenyewe ni kipimo. Wanafunzi wakiweza kuimba ubeti mzima bila kukatika, kasi bado ni ya chini. Wakiweza kuongea lakini kuimba kunawashinda, ni ya wastani, na hapo ndipo unapotaka wakae. Wakitoa neno moja moja, ni kali. Kwa hiyo sikiliza kiitikio: kikianza kulegea nyuma, punguza. Wanaoenda taratibu waweke mbele, wao ndio waongoze mwendo. Ukiwaacha nyuma, mstari unakatika na wanaanza kutembea.

Vituo ni sita, kila kimoja dakika 4 na dakika 1 ya kuhama. Wanafanya wawili wawili: mmoja anafanya sekunde 30, mwenzake anahesabu kwa sauti, wanabadilishana. Penye mtu wa kumi na moja, wawe watatu. Kituo cha kwanza ni kamba. Nunua kamba ya katani ya meta 15, inatoa kamba sita. Urefu sahihi unapatikana kwa kukanyaga katikati ya kamba: ncha zake zifike kwapani. Ikiwa ndefu zaidi inagonga chini mapema na mtoto anadhani hajui kuruka. Funga fundo kila ncha, katani hufumuka. Cha pili ni pushapu, na hapa walimu wengi hukosea kwa kuanzia chini. Waanze kwa kusukuma ukuta, wakifikisha 15 bila kiuno kubonyea wahamie kwenye benchi, chini waje baadaye. Cha tatu ni kupanda na kushuka ngazi ya baraza la darasa, kisigino chote kikanyage. Cha nne, madumu mawili ya lita 5 yaliyojaa maji, meta 10 kwenda na kurudi, mabega nyuma. Cha tano ni kuchuchumaa mpaka usawa wa kiti na kusimama, visigino visiinuke. Cha sita, kukimbia kwa kukatakata kona kati ya chupa tano zilizotiwa mchanga.

Siku ya kwanza fanya nusu ya hayo. Wasiozoea kuchuchumaa watashindwa kushuka ngazi Ijumaa, mama ataandika barua, na utapoteza watoto kumi. Waambie mapema: maumivu ya misuli yanayokuja kesho yake na kuisha ndani ya siku tatu nne ni ya kawaida. Maumivu ya pale pale, ya kuchoma, au yaliyo kwenye kiungo kimoja tu, ni ya kusimama na kusema. Kuna moja utaliona sana kwa umri huu: uvimbe mdogo mgumu chini kidogo ya goti, unaouma wakiruka au kupiga magoti. Mfupa unakua upesi, na mshipa mnene unaotoka kwenye goti unavuta pale uliposhikwa. Huisha wenyewe ukuaji unapokoma. Wakati huo mtoto apunguze kuruka, asiache kutembea.

Sasa hao 62 kwenye uwanja wa 60 kwa 40. Uukate vipande sita, vitatu kwa urefu na viwili kwa upana. Kila kipande ni meta 20 kwa 20; acha meta 3 kati yao makundi yasigongane, bado kila kundi lina 17 kwa 17. Viwili ni chandimu, watano kwa watano, bila golikipa, magoli yawe ya mabegi au matawi (mawe yaondoe kabisa, pitia uwanja mzima na ndoo kabla ya kuanza). Viwili ni rede, mchezo wa kuwarushia mpira walio kati. Kimoja ni pasi kumi: timu ikipeana mpira mara kumi bila kunyang'anywa inapata pointi, hakuna kutembea na mpira, hakuna kuushika zaidi ya sekunde 3. Cha mwisho ni mbio za kupokezana kijiti. Baada ya dakika 12 makundi yanahama.

Mipira uliyonayo ni miwili, ya chandimu na ya pasi kumi, mitatu itengenezwe. Mifuko ya plastiki tuliyokuwa tukishindilia humo imepigwa marufuku tangu Juni 2019, lakini majani makavu ya mgomba hayajapigwa marufuku, na Moshi hayanunuliwi. Yakunje mpaka yawe mpira mgumu, yafunge kwa kamba za mgomba zilizoloweshwa kidogo, kwa kupishanisha kama wavu, uvalishe soksi kuukuu. Haudundi, na hiyo si shida kwa chandimu. Wa rede uwe laini na mdogo, matambara ndani ya soksi, ukubwa wa embe dodo.

Kwenye rede kuna kasoro moja ya kurekebisha. Anayepigwa hutoka na kukaa. Sasa nani hupigwa kwanza? Yule mzito, yule asiyezoea, yaani yule yule uliyekuwa ukimtafuta chini ya mgrivea. Umemtoa huko ukamrudisha kwenye kukaa kwa sheria ya mchezo. Badilisha: aliyepigwa anaruka kamba mara 15 pembeni na kurudi kati. Pima mchezo wowote kwa swali hilo.

Saa 6:40 mchana Moshi, Januari mpaka Machi, ni jua la utosini. Omba uhamishiwe vipindi viwili vya kwanza, au vya mwisho. Ikishindikana, vituo viwe kwenye kivuli cha darasa na michezo midogo ije mwisho. Maji: ndoo moja ya lita 20 yenye koki inatoa kikombe kimoja cha robo lita na ushee kwa kila mmoja wa watu 62, kwa hiyo ziwe mbili. Na kama shule inatumia kisima, uliza kama madini ya floraidi yamepimwa. Ukanda wetu huu wa Meru na Kilimanjaro una maji ya namna hiyo, na kuyachemsha hakuyaondoi.

Viatu vya shule vyenye soli laini huteleza. Bora raba za mtumba. Anayekwenda soko la mtumba la Memorial azipime kwa kuzikunja: raba nzuri hukunjika kwenye vidole, mbovu hukunjika katikati. Aiweke mezani aitazame kwa nyuma, ikiinama upande mmoja aiache. Kifundo kikiteguka, kiwekwe kwenye maji baridi dakika 15 hadi 20, kifungwe, kiinuliwe. Kukichua kwa maji ya moto siku mbili za mwanzo kunaongeza uvimbe, hata kama bibi amefanya hivyo miaka yote. Asiyeweza kutembea hatua nne apelekwe kupiga picha ya eksirei. Goli la chuma lisilochimbiwa wasilining'inie, hayo huua.

Mwanzoni mwa muhula kusanya majina ya wenye pumu, selimundu, kifafa na kisukari, kwa siri, kupitia kwa mwalimu wa malezi. Mwenye pumu apashe mwili moto dakika 10 taratibu, pampu yake iwe mfukoni mwako au mwake, siyo ofisini kwenye kabati. Mwenye selimundu afuate alichoambiwa kliniki, acheze kwa kasi yake, anywe maji, apumzike bila kuomba ruhusa, asipigwe na baridi akiwa amelowa. Kuwaondoa kabisa ni kosa pia.

Na yule binti. Kichura hapana, Mwalimu, si kwake wala kwa mwingine. Mazoezi yakiwa adhabu, mtoto anajifunza kwamba kutumia mwili ni kuadhibiwa, na hilo hulitoi kwa hotuba. Tena ni hatari: mtu asiyezoea akirushwa kichura mara mia anaweza kuvunja misuli mpaka mkojo ukawa mweusi kama koka, na figo zikaziba. Ukimwona mwenye mkojo huo, ni hospitali siku hiyo hiyo.

Tumbo la kila Jumatano haliwezi kuwa hedhi, hedhi haiji kila wiki. Lakini usimwambie hivyo mbele ya watu. Mpe mwalimu wa kike au matroni aongee naye faragha, na maswali ni haya: Una mahali pa kubadilishia nguo pasipo dirisha wazi? Una traki ya rangi ya giza? Una sidiria inayoshika unaporuka? Nani hukucheka? Mara nyingi jibu liko kwenye mojawapo, na matatu ya kwanza yana dawa: chumba kimoja kifungwe pazia na kiwe na ndoo ya maji na chombo cha taka, traki mbili tatu za akiba, na vesti ya kubana juu ya sidiria ya kawaida. La nne ni kazi yako ya kupanga makundi. Kama kweli tumbo la hedhi humuuma sana, kutembea na mazoezi mepesi huwasaidia wengi. Likimlaza kitandani kila mwezi, aende kwa daktari. Jumatano ya kwanza mpe kazi ya kuhesabu kwenye kituo cha kamba, akiwa amesimama na wenzake. Wiki ya pili ahesabu na aruke zamu mbili. Usimpigie makofi akiruka.

Mtaaluma usimwendee na hotuba ya afya. Tafiti nyingi za shule zimeonyesha kwamba kuongeza muda wa michezo hakushushi alama za masomo, lakini hilo atakwambia ni la huko. Mpelekee karatasi moja yenye namba mbili zako mwenyewe: dakika za wastani ulizopima kabla, na dakika ulizopima baada ya wiki sita za vituo. Ongeza mizunguko ya uwanja ambayo kila mwanafunzi alimaliza kwa dakika 6, wiki ya kwanza na ya sita, kila mtu akilinganishwa na yeye mwenyewe. Kisha omba kitu kidogo: kama lazima achukue Jumatano kabla ya mtihani, akuachie dakika 10 za mchakamchaka kila asubuhi kabla ya gwaride, siku zote tano. Hizo ni 50 kwa wiki, na hazigusi somo la mtu. Mpelekee Ijumaa mchana, kabla hajabandika ratiba ya wiki inayofuata.